Jinsi ya kutambua mbambakofi kwa simu na kuuotesha mwenyewe

Hapa Kilifi mtu akisema anapanda miti ya kienyeji utamkuta na miche ya mwarobaini, na mwarobaini jamani asili yake Bara Hindi. Mti wetu ni kama mbambakofi, huu wa milango ya Lamu, kitaalamu Afzelia quanzensis. Basi nawaonyesha nnavyofanya mimi.

Kwanza weka iNaturalist na Pl@ntNet kwenye simu, ni aplikesheni za kutambua mimea kwa picha, zote bure. Pl@ntNet usiiache kwenye mimea ya dunia nzima, ingia ubadilishe uchague ya Afrika Mashariki. Halafu washa lokesheni ya kamera kabla hujatoka nyumbani, GPS haili bando, picha utazipandisha baadae ukipata wifi.

Pili ni picha, na hapa ndo wengi tunaharibu. Mimi mara ya kwanza nilipiga kijani kimoja (yaani jani dogo moja) tena juani mchana, aplikesheni moja ikanijibu eti ni mti wa Amerika Kusini, nikaamini nusu mwezi mzima! Jani la mbambakofi ni tawi zima lenye vijani vinavyokaa jozi jozi, sasa ukipiga kimoja simu itajuaje? Piga jani zima mbele na nyuma, piga gamba la shina, piga ua kama lipo (lina petali moja tu nyekundu), na ganda la mbegu usilikose, ni bapa, gumu kama ubao, ndani mna mbegu nyeusi zenye kikofia chekundu, zile wanazotungia shanga. Ganda peke yake linakupa uhakika kuliko majani kumi.

Tatu, jibu la simu ni kisio tu. Kwenye iNaturalist subiri watu wengine wathibitishe, na huku nenda kwa mzee wa karibu umuonyeshe, mara nyingi atakutajia jina kabla simu haijamaliza kuzunguka. Na kama mti uko ndani ya kaya, ile misitu mitakatifu, usiokote hata kijiti bila ruhusa ya wazee, kaya za Wamijikenda ziliingia urithi wa dunia 2008 lakini miiko yake ni ya zamani kuliko hiyo karatasi. Mbegu okota chini ya miti ya nje, na uombe mwenye shamba.

Nne, kuotesha. Toa kile kikofia chekundu, kisha upande wa pili wake sugua kwa tupa au msasa mpaka uone weupe kidogo, maana ganda lake maji hayapiti kirahisi. Loweka usiku kucha kwenye maji ya kawaida, zilizovimba ndo unapanda, ambazo hazijavimba sugua tena. Usitumie vikopo vifupi, mzizi wake unashuka chini haraka sana ukigonga kitako unajikunja na mti hautakaa sawa, mimi natumia paketi ndefu za maziwa nimezitoboa. Laza mbegu, funika udongo kidogo tu. Wiki mbili tatu hivi utaona kichwa, ukiona kimya usizichimbue kuchungulia, nimeua nyingi hivyo.

Tano, kuhamishia mche ardhini subiri masika yaanze kweli kweli, siyo mvua moja ya kudanganya. Chimba futi mbili, panda bila kuvunja udongo wa mzizi, weka matandazo lakini yasiguse shina, na zungushia miiba siku hiyo hiyo, mbuzi hawangoji kesho.

Halafu kitu ambacho wengi hawajui, mti uliopanda wewe ukiuweka iNaturalist lazima utie alama kwamba umepandwa na mtu, usipotia ramani itaonyesha mbambakofi umejiotea uwani kwako nyuma ya tangi la maji.