Kupima kwa kompyuta jinsi dawa inavyobadilisha pigo la moyo

Halofantrini ilikuwa dawa ya malaria, kisha ikabainika kwamba inaziba chaneli ya hERG, mlango ambao potasiamu hupitia kutoka seli ya moyo inapotulia baada ya kushtuka. Mlango huo ukizibwa, pigo la moyo linaweza kuvurugika. Kwa hiyo wanafunzi wangu hapa Nairobi nawafundisha mapema kupima hatari hiyo kwa kompyuta.

Hatua ya 1. Pakua Myokit, programu ya bure ya Python, na modeli ya O'Hara na Rudy ya 2011 ya seli ya ventrikali ya binadamu. Laptopu ya kawaida inatosha.

Hatua ya 2. Endesha modeli bila dawa, pigo moja kila milisekunde 1000. Tafadhali usipime pigo la kwanza, kwa sababu ioni ndani ya seli bado hazijatulia. Pitisha mapigo 1000, hifadhi hali ya mwisho kwenye faili (stima ikipotea hutaanza upya), ndipo upime APD90: muda tangu seli ishtuke hadi voltiji irudi chini kwa asilimia 90.

Hatua ya 3. Ingiza dawa. Sehemu ya mkondo wa hERG inayobaki ni 1 ÷ (1 + C/IC50), ambapo C ni kiwango cha dawa na IC50 ni kiwango kinachoziba nusu ya mkondo, ikiwa kipeo cha Hill (namba inayoonyesha ukali wa mchoro wa kuziba) ni 1. C ikilingana na IC50, hubaki nusu. Ikiwa mara tatu yake, hubaki robo. Zidisha GKr (namba ya modeli inayoonyesha upitishaji wa chaneli za hERG) kwa jibu hilo, kisha rudia mapigo yote 1000. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: C ni dawa iliyo huru katika damu, si ile iliyoshikamana na protini. Nimewahi kuona dawa salama ikihukumiwa kuwa hatari kwa kosa hilo tu.

Hatua ya 4. Usiishie kwenye hERG. Dawa ya dofetilidi huziba hiyo karibu peke yake, na APD90 hurefuka. Dawa ya verapamili nayo huiziba, lakini huziba pia chaneli ya kalisi ya aina ya L. Mkondo unaoingia hupungua pamoja na unaotoka, kwa hiyo mara chache huleta mapigo hatari yaitwayo torsade. Punguza GKr peke yake, kisha pamoja na mkondo wa kalisi, ulinganishe michoro.

Hatua ya 5. Rudia kwa milisekunde 2000, maana moyo wa polepole huathirika zaidi hERG inapozibwa. Uutazame mchoro wenyewe: voltiji ikipanda tena kabla haijashuka kabisa, APD90 peke yake haitakuonyesha.