Dominika Nyumbani Kanisa Likiwa Limefungwa: Namna ya Kuandaa Ibada ya Familia

Kanisa linaweza kufungwa wiki mbili kwa sababu ya ukarabati, mwezi mzima wa masika barabara ya kigango (tawi la parokia) ikikatika, au kwa muda usiojulikana kukiwa na mlipuko wa ugonjwa. Mwaka 2020 serikali yetu ya Tanzania haikufunga nyumba za ibada, lakini jirani zetu wa Kenya, ng'ambo ya mipaka ya Namanga na Holili, walikaa tangu Machi hadi Julai milango ikiwa imefungwa. Na kuna wazee kule juu Kilimanjaro, Kibosho na Rombo, na watu wanaouguza wagonjwa nyumbani, ambao kwao kanisa ni kama limefungwa hata siku ambayo kengele inalia.

Sheria ya Kanisa Katoliki imelitazama jambo hili. Kanuni ya 1248 inasema kwamba pale Misa isipowezekana kwa kukosekana padre au kwa sababu nyingine nzito, inahimizwa sana waamini washiriki Liturujia ya Neno, au wasali kwa muda wa kutosha mmoja mmoja, kama familia, au familia kadhaa pamoja. Kwa hiyo unachokwenda kufanya sebuleni Kanisa linakitambua na kukitaka.

Jambo moja lieleweke kabla ya hatua yoyote: ibada ya nyumbani si Misa ndogo. Usiweke mkate na divai mezani, usigawe chochote "kwa mfano wa Komunyo", usisome sala za padre kutoka kwenye misale, kitabu cha sala za Misa. Ibada hii ina umbo lake, na ukilifuata inasimama yenyewe.

Hatua ya 1: Saa na mahali

Chagua saa ileile mliyozoea kwenda Misa. Mkisema "tutasali tukimaliza kazi", hamtasali.

Makochi ya sebule zetu karibu yote yanatazama televisheni. Yageuze. Weka stuli au meza ndogo upande mwingine, kitambaa cheupe, msalaba, Biblia iliyofunguliwa, na mshumaa mmoja uliosimikwa kwenye glasi yenye mchanga, mbali na pazia. Mshumaa wa kawaida wa dukani unatosha. Simu ziende chumbani, pamoja na ya baba.

Hatua ya 2: Kupata masomo sahihi

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, na wengi hukata tamaa wiki ya pili. Masomo yaandaliwe Jumamosi jioni. Kuyatafuta Dominika asubuhi watoto wakiwa wameshakaa kunaua ibada kabla haijaanza.

Anza na mwaka wa liturujia. Masomo ya Dominika huzunguka miaka mitatu: Mwaka A husomwa zaidi Injili ya Mathayo, B ya Marko, C ya Luka. Yohane husomwa sana Kwaresima na Pasaka, na katika Mwaka B huingia pia kwa Dominika tano, ya 17 hadi ya 21, kwa sura ya sita. Kujua upo mwaka gani, gawa mwaka kwa tatu. Isipobaki kitu ni C (2025), ikibaki moja ni A (2026), ikibaki mbili ni B (2027). Angalia sana hapa: mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio (majira ya kujiandaa na Noeli), mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Kuanzia siku hiyo hesabu kwa mwaka unaofuata. Ukisahau hilo, Dominika zote nne za Majilio utasoma masomo ya mwaka uliokwisha. Siku za wiki zina mzunguko mwingine wa miaka miwili: mwaka wa namba witiri ni I, wa namba shufwa ni II.

Baada ya hapo unahitaji kujua ni Dominika ya ngapi, na hili usilihesabu kwa vidole. Dominika za kawaida hukatishwa na Kwaresima na Pasaka, na zinaporudi baada ya Pentekoste huenda namba moja ikarukwa. Sherehe kubwa pia hufukuza Dominika ya kawaida. Hapa nina msimamo: nunua kalenda ya liturujia ya karatasi, ile inayouzwa kwenye maduka ya vitabu vya Kanisa, ya mwaka husika na ya Tanzania. Programu za simu ni nzuri, lakini nyingi zimetengenezwa kwa kufuata nchi nyingine, na sikukuu kama Epifania huadhimishwa Dominika mahali fulani na tarehe yake ya asili mahali pengine. Kalenda ya karatasi haihitaji bando wala chaji, na bibi asiyetumia simu ya kupangusa anaisoma mwenyewe. Ukikosa kalenda, muulize katekista wa kigango chako Ijumaa. Idhaa ya Kiswahili ya Redio Vatikani nayo hutoa tafakari za Dominika zinazotaja masomo yenyewe.

Sasa fungua Biblia, na hapa kuna mitego mitatu.

Wa kwanza ni vitabu vinavyokosekana. Huku kwetu nyumba moja huwa na Wakatoliki na Walutheri, na Biblia iliyo kabatini mara nyingi ni ya mama mkwe au ya shangazi wa KKKT. Ni Neno la Mungu lilelile, isomeni kwa heshima, ila haina vitabu saba: Tobiti, Yudithi, Wamakabayo viwili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, pamoja na sehemu za Esta na Danieli. Siku ya Familia Takatifu somo la kwanza linaweza kutoka Yoshua bin Sira sura ya 3. Dominika ya 32 ya Mwaka A linatoka Hekima sura ya 6. Tafuta Biblia yenye vitabu hivyo. Kabla ya kulipa dukani, fungua orodha ya yaliyomo uone kama Hekima imo, maana majalada hufanana. Mkiwa hamna na siku imefika, azimeni kwa jirani wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo au mruke somo hilo na muanze na zaburi. Msibuni somo lingine.

Wa pili ni namba za aya za zaburi. Ukichukua orodha ya masomo kwenye tovuti za Kiingereza za Kikatoliki, Zaburi ya 51 itaandikwa aya ya 3-4, wakati katika Biblia zetu za Kiswahili maneno hayohayo, "Ee Mungu, unirehemu", ni aya ya 1. Wenzetu wanahesabu kichwa cha zaburi kuwa aya, sisi hatuhesabu. Zaburi ya 22 nayo inapishana kwa aya moja. Ukiona zaburi inaanzia katikati ya sentensi, rudi nyuma aya moja au mbili. Na ukikuta namba mbili, kama 50 (51), moja ni ya hesabu ya kale ya Kilatini. Kwenye Biblia zetu tumia ile kubwa.

Wa tatu ni alama. "Lk 10:1-12, 17-20" maana yake unaruka aya ya 13 hadi ya 16. "12b" ni nusu ya pili ya aya ya 12. "1 Yn" ni waraka wa kwanza wa Yohane, "Yn" peke yake ni Injili. Msomaji mtoto huchanganya hizi mbili kila mara. "(K)" ni kiitikio cha zaburi. Kisipoandikwa, chagua aya moja fupi ya zaburi hiyohiyo.

Ukishayapata, andika kwenye vipande vinne vya karatasi: kitabu, sura, aya, jina la msomaji. Chomeka kila kipande kwenye ukurasa wake, kisha kila msomaji asome lake kwa sauti mara mbili jioni hiyohiyo.

Hatua ya 3: Gawa kazi

Kila mtu awe na kazi, hata wa miaka minne: yeye analeta msalaba mezani. Mwongozaji si lazima awe baba. Awe anayesoma vizuri na asiye na haraka.

Hatua ya 4: Mwendo wa ibada

Wimbo mnaoujua kwa moyo, msicheze rekodi. Ishara ya msalaba. Kimya kidogo cha kutubu, "Nakuungamia Mungu Mwenyezi". Somo la kwanza, zaburi, somo la pili. Simameni, imbeni Aleluya (Kwaresima haiimbwi, tumieni shangilio jingine), kisha Injili.

Mlei hasemi "Bwana awe nanyi". Anasema tu, "Somo katika Injili ilivyoandikwa na Luka", na kusoma.

Baada ya Injili kaeni kimya dakika tatu kamili kwa saa. Watu wengi husitisha kwenye nusu dakika kwa kuona aibu ya kimya. Kisha fuateni mtindo mliouzoea jumuiyani wa kushirikishana Injili kwa hatua saba, angalau sehemu yake ya msingi: kila mtu anataja neno au fungu fupi lililomgusa, bila kueleza, wengine wanalirudia polepole. Ndipo anayetaka aseme limemgusa vipi. Asihubiri mtu, na asitumie nafasi hiyo kumsema mtoto aliyekosa wiki hiyo. Mtoto akijua Injili inageuzwa fimbo, hatafungua mdomo tena.

Nasadiki, yaani Kanuni ya Imani. Maombi: kwa Kanisa, kwa nchi, kwa wagonjwa mnaowajua kwa majina, kwa marehemu. Baba Yetu. Amani. Kumalizia, mwongozaji hanyoshi mikono juu ya watu. Kila mmoja anajifanyia ishara ya msalaba na mwongozaji anasema, "Bwana atubariki, atukinge na mabaya yote, atufikishe kwenye uzima wa milele." Dakika 35 zinatosha. Mkiwa na watoto wadogo peke yao, 20, na somo la pili liachwe.

Hatua ya 5: Misa ya redioni na Komunyo ya kiroho

Napendelea redio kuliko video. Redio ya betri haikatiki umeme ukikatika, haili bando, na haionyeshi matangazo katikati ya Mageuzo, mkate na divai vinapogeuzwa. Tafuteni masafa ya Radio Maria mnayoyapata mtaani kwenu mapema, kwa sababu milimani mawimbi hubadilika kutoka bonde moja hadi jingine. Sikilizeni Misa inayoendelea saa hiyo, si iliyorekodiwa, na msimame na kupiga magoti kama kanisani. Atakayeendelea kupepeta mchele huku anasikiliza, anasikiliza redio.

Misa hiyo haichukui nafasi ya kuwapo. Anayeshindwa kabisa kufika hana dhambi. Anayeweza kufika lakini anaona redio inamtosha, huyo ajitazame.

Wakati wa Komunyo, funga macho ueleze kwa maneno yako mambo matatu: unaamini Yesu yumo katika Ekaristi, unamtamani, unamwomba aje moyoni mwako kwa kuwa huwezi kumpokea kwa sakramenti. Kisha kaa kimya. Hata sentensi tatu zinatosha.

Hatua ya 6: Kutubu bila padre karibu

Maungamo kwa simu au kwa intaneti hayapo. Hati ya Vatikani ya mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti ilisema wazi kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Unaweza kumpigia padre akushauri, lakini maondoleo hayapiti kwenye simu.

Kilichopo ni majuto kamili. Katekisimu, namba 1452, inafundisha kwamba majuto yanayotoka katika kumpenda Mungu kuliko vyote huondoa hata dhambi za mauti, yakiwa na nia thabiti ya kuungama mapema iwezekanavyo. Angalia masharti. Kuogopa moto peke yake si majuto kamili. Nia ya kuungama "siku moja" si thabiti. Na padre akishapatikana, dhambi zile bado unaziungama, na kabla ya hapo, kwa kawaida, hupokei Komunyo. Fanya hivi: chunguza dhamiri, tazama msalaba, sali polepole "Mungu wangu, nimetubu sana", na mwambie Mungu kwamba utaungama padre akipatikana.

Mliokosana ndani ya nyumba, patanani Jumamosi. Kwa Wachaga jani la sale linajulikana kazi yake. Aliyekuletea sale anaomba msamaha kwa dhati, na ni vigumu kumrudisha. Halichukui nafasi ya kitubio, lakini kaka mwenye sale mkononi amekwisha kutii nusu ya Injili ya kupatana kabla ya kutoa sadaka.

Hatua ya 7: Siku za kazi na sadaka

Sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, saa sita na jioni. Rozari usiku, kwa matendo ya siku: Jumatatu na Jumamosi Furaha, Jumanne na Ijumaa Uchungu, Alhamisi Mwanga, Jumatano na Dominika Utukufu. Makumi mawili yaliyosaliwa vizuri yanafaa kuliko matano ya kusinzia.

Bahasha ya sadaka iendelee kujazwa. Mlinzi na katekista wanakula hata kanisa likifungwa. Ukituma kwa simu, thibitisha namba na mweka hazina kwa sauti yake; usitume kwa namba iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 8: Mgonjwa, na mtoto aliye hatarini

Mgonjwa akizidiwa, piga simu parokiani mapema, akiwa bado anaweza kusema. Mpako wa Wagonjwa si wa maiti. Andaa meza: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji ya baraka, glasi ya maji ya kunywa. Mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo haumfungi mgonjwa, mzee, wala anayewauguza.

Maji ya baraka yawekwe akiba kwenye chupa safi ya kioo. Mlei hayabariki. Yakiharibika, yamwage kwenye udongo, si kwenye sinki.

Mtoto mchanga ambaye hajabatizwa akiwa katika hatari ya kufa na padre hafiki, mtu yeyote anaweza kumbatiza, mradi anakusudia lile ambalo Kanisa linakusudia. Tumia maji ya kawaida. Mimina juu ya kichwa, yatiririke kwenye ngozi na si kwenye nywele tu, na wakati huohuo sema: "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Anayemimina ndiye anayesema. Iwe "nakubatiza", si "tunakubatiza". Vatikani ilitamka mwaka 2020 kwamba ubatizo wa "tunakubatiza" si halali. Andika tarehe, jina la mtoto, la wazazi, la aliyebatiza na la shahidi mmoja. Mtoto akipona, peleka karatasi hiyo parokiani iingizwe kwenye kitabu cha ubatizo. Padre hatambatiza tena, atakamilisha yaliyobaki.