Somo: Kubadilisha kadi ya ruta bila kuua sloti

Wakuu, habari za kazi. Msimu wa mvua ukishaanza huku Mwanza, radi za ziwani zinapiga usiku, asubuhi simu ni zile zile: "Fundi, laini moja imekata." Mara nyingi ruta (kifaa kinachounganisha ofisi na mtandao) ni nzima, kilichoungua ni kadi tu, yaani kipande chenye poti kinachochomekwa ndani yake. Inaniuma kuona ofisi inanunua ruta mpya wakati kadi moja na bisibisi vingetosha. Nitatumia ruta za Cisco kama mfano, kwa sababu ndizo ninazokutana nazo zaidi.

1. Ijue sloti, yaani tundu la kuchomeka kadi. Cisco 2901 na 2911 zina sloti nne za EHWIC, na humo kadi nyingi za HWIC, aina ya zamani zaidi, pia zinaingia. Cisco 4331 ina sloti mbili za NIM, aina nyingine ya kadi, na HWIC haiingii humo hata uisukume vipi. Kwenye skrini ya amri ya ruta andika `show inventory`, nakili namba ya kadi, nenda nayo dukani.

2. Hifadhi mipangilio. `show running-config`, uiweke nje ya ruta.

3. Umeme. Hapa ndipo vifaa vinapokufa. Kwenye 2901 na 2911, zima ruta na uchomoe waya wa umeme, basi. 4331 inaruhusu kubadilisha ikiwa inawaka, ila lazima uilaze kadi kwanza, yaani uizime kwa amri (0/1 ni sloti ya kwanza ya NIM):

`hw-module subslot 0/1 stop`

Hakikisha kwa `show platform` kwamba kadi haionyeshi tena *ok*, ndipo uguse skrubu.

4. Kutoa na kuingiza. Vaa kamba ya ethi mkononi, ile inayopeleka ardhini umeme tuli wa mwili. Chomoa kebo, legeza skrubu, vuta kadi ikiwa imenyooka. Ishike kwenye bamba la mbele. Meno ya dhahabu usiyaguse. Kabla ya kuweka mpya, mulika tochi ndani ya sloti. Ofisi zilizo karibu na maji, kama Kirumba na Capri Point, utakuta mabawa ya wadudu wa ziwani yameshikana na vumbi. Toa uchafu huo kwa hewa kavu, usipulize kwa mdomo, maana mate ni unyevu.

Kadi ifuate reli za pembeni. Ikikwama, itoe uanze upya. Ikifika mwisho utaisikia inashika. Skrubu kaza kidogo huku, kidogo kule, na usizitumie kuivutia kadi ndani: ukifanya hivyo, pini zinapinda.

Sloti tupu ifunikwe na bamba lake. Feni zimepangiwa njia ya hewa, na tundu lililo wazi linaharibu njia hiyo, tena linawakaribisha wadudu.

5. Kuiwasha. Kwenye 4331, `show platform` ionyeshe *ok*. Kadi ikibaki imelala, rudia ile amri ukimalizia na `start`. Kadi ya Etherneti kwenye sloti ya kwanza ya NIM itaanzia GigabitEthernet0/1/0. Weka IP (anwani ya mtandao) kama haipo, kisha `no shutdown` kufungua poti, na mwisho `copy running-config startup-config` kuhifadhi.

MASWALI

Mdau wa Sengerema: Mkuu, kadi inasoma *ok* lakini poti haiwaki.
Jibu: Anza na `no shutdown`, wengi wanaisahau. Kama ni faiba ya uzi mmoja, angalia SFP, kile kipande kidogo kinachochomekwa kwenye poti kupokea faiba: upande mmoja ukituma mwanga wa nanomita 1310, wa pili utume 1490. Zikifanana, hamtaonana. Safisha na ncha ya faiba, ila usiichungulie kwa jicho.

Mdau wa Nansio: Kadi mpya nayo imeungua baada ya radi. Ni feki?
Jibu: Sidhani, ndugu yangu. Kagua ethi ya raki (fremu inayobeba vifaa) kwanza, halafu fuata waya wa shaba unaoshuka kutoka kwenye redio ya juu ya paa. Kama hauna kizuia radi, umeme unaingilia hapo. Usiweke kadi ya tatu kabla hujaziba hiyo njia.

Mdau wa Igoma: Nikibadilisha kadi ya aina ile ile, napanga upya?
Jibu: Ikiwa sloti ni ile ile, mipangilio inabaki. Ukihamia sloti nyingine, namba ya poti inabadilika, hivyo itabidi upange upya.