Marinda ya hando: zidisha kiuno kwa tatu

Ukishonea kikundi cha ngoma hando, lile vazi la kiunoni la kina mama wa Kigiriama linalotikisika lenyewe hata kabla mchezaji hajaanza, usikadirie kitambaa kwa macho. Rinda lililokunjwa upande mmoja linakula nguo mara tatu: sehemu moja inaonekana, mbili zimejificha nyuma yake. Kiuno cha sm 80 basi kinataka sm 240. Doti moja ya leso ukiiunganisha kwa upana unapata kama mita 3, kwa hiyo unabaki na cha kupishanisha pale mbele pa kufungia.

Sasa chukua chaki, uweke alama kwenye ukingo: sm 2, sm 4, sm 2, sm 4, mpaka zitimie zile sm 240. Zile nafasi za sm 4 ndizo unazobana, mstari juu ya mstari, kisha unalaza zote upande mmoja na kutia pini. Marinda 40.

Hapo ndipo wengi tunapoumia. Ukikosea milimita 2 tu kwa kila rinda, arobaini zinakuwa sm 8, na hando linamdondoka mtu katikati ya uwanja (mimi yalinipata, tena mbele ya wakwe). Kata kipande cha kadibodi cha sm 6, ukipime nacho kila rinda. Na baada ya kila kumi simama, uhakikishe zimekuja sm 20 kamili kabla hujaendelea.