Somo: VVU na HTLV-1 ndani ya mnyama mmoja

Swali ni hili: VVU na HTLV-1 (kirusi kingine cha seli za T za binadamu, yaani seli za kinga, kinachoweza kuleta saratani ya damu) vikiwa pamoja mwilini hufanya nini, na tuvitafiti kwa mnyama gani? Ukiwa Nairobi wazo la kwanza ni nyani, maana taasisi ya kuwatafiti iko hapo Karen. Kwa swali hili watakuangusha. Nyani wa porini huweza kuwa na STLV-1 (ndugu ya HTLV-1) tayari, tumbili na SIV (ndugu ya VVU), na VVU-1 (aina kuu ya VVU) hukwama katika seli za tumbili kwa sababu ya protini ya TRIM5α. Sungura hushika HTLV-1, lakini VVU havistawi kwake. Anayebaki ni panya wa NSG (aliyezalishwa akiwa hana kinga yake) aliyepandikizwa seli za CD34, yaani seli mama za damu, kutoka damu ya kitovu cha binadamu.

1. Vibali: kamati ya maadili ya wanyama, kisha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Maabara iwe ya kiwango cha 3 cha usalama, panya huuma.

2. Makundi manne: VVU, HTLV-1, vyote viwili, bila virusi. Chukua damu ya vitovu 4 vya watoto tofauti, kila kimoja kitoe panya 2 kwa kila kundi, jumla 32. Hapa ndipo wengi huharibu: kitovu kimoja kikijaza kundi zima, tofauti ya watu husomeka kama kazi ya virusi.

3. Subiri wiki 16, kwani seli za T huchelewa kuliko za B (aina nyingine ya seli za kinga). Mwenye CD45 ya binadamu (alama ya seli nyeupe za damu) chini ya asilimia 25 mwache.

4. VVU hudungwa vikiwa huru. HTLV-1 nje ya seli karibu haiambukizi, hivyo dunga seli za MT-2 (seli za maabara zenye HTLV-1) zilizopigwa mionzi ili zisizaliane. Makundi yasiyopata HTLV-1 yapewe Jurkat (seli za T za maabara zisizo na HTLV-1) zilizopigwa mionzi vilevile.

5. Damu isizidi maikrolita 150 kila wiki mbili. Ili isigande tumia EDTA; heparini nayo huzuia kuganda, lakini huvuruga PCR (kipimo cha kunakili DNA). VVU pima RNA kwenye plazma, HTLV-1 pima DNA ndani ya seli.

Maswali ya wanachama

– Daktari, HTLV-1 iko juu siku ya tatu tu. Ni kasi hiyo kweli?
– Hapana, unapima DNA ya MT-2 ulizodunga mwenyewe. Linganisha wiki ya 2 na ya 6: mabaki hushuka, maambukizi hupanda.

– Seli za CD4 (seli za T ambazo VVU huziua) za kundi la virusi viwili haziporomoki. VVU vimeshindwa?
– Tazama RNA kwanza. HTLV-1 huzidisha seli za CD4; hata kwa wagonjwa wenye virusi vyote viwili hesabu hiyo hudanganya.

– Panya wangu wamekonda na manyoya yanatoka.
– Na wa kundi lisilo na virusi je? Kama nao wako hivyo, ni seli za binadamu zinaushambulia mwili wa panya.