Chuo kimekuweka kwenye orodha ya kusubiri: fanya haya kabla ya Mei 1

Barua pepe yangu iliingia mwisho wa Machi, saa nne usiku, tukiwa sebuleni Umoja, Nairobi, mama akipiga pasi sare ya mdogo wangu. Nilimsomea mara mbili. Akaweka pasi chini akauliza, "Sasa umepita ama hujapita?" Sikuwa na jibu. Chuo cha Marekani nilichokitamani tangu kidato cha tatu kilikuwa kimeniweka kwenye orodha ya kusubiri, na kwa wiki tatu sikufanya lolote. Sitaki wewe uzipoteze wiki hizo.

Soma barua hadi mwisho. Vyuo vingi havitakuhesabu mpaka ujibu kwamba bado unaitaka nafasi, na jibu hilo lina tarehe yake. Usidhani pia ni foleni ya hospitali ambapo umeshika namba. Mara nyingi namba hakuna. Mei 1 ndiyo siku ambayo vyuo vingi vya huko hutaka waliokubaliwa wathibitishe. Baada ya hapo chuo huangalia mapengo yaliyobaki na nani atayaziba. Mwaka mwingine hakichukui hata mmoja.

Kwa hivyo lipia nafasi kwenye chuo kilichokukubali. Hili usilicheleweshe hata kidogo. Pesa hizo kwa kawaida hazirudi ukihamia kwingine, na mzazi anayezikopa kwenye chama anastahili kujua hivyo mapema. Ukiwa huna, andikia chuo ueleze hali, vingine husamehe. Mimi nilimwambia mama zikiwa zimebaki siku chache mno. Alipanda matatu kwenda benki mjini kwenye mvua ya Aprili, akarudi viatu mkononi. Bado inaniuma.

Kisha andika barua, moja tu, isiyozidi ukurasa. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa sifa: nina bidii, nina ndoto kubwa. Mwalimu wangu wa Kemia alizikata zote kwa kalamu nyekundu, akaniuliza, "Tangu Januari umefanya nini?" Tukaanza upya:

"Nilipotuma maombi, matokeo yangu ya KCSE yalikuwa hayajatoka. Nimeyaambatisha. Tangu Februari nafundisha hisabati watoto 14 wa mtaa wetu kila Jumamosi, kwenye ukumbi wa kanisa."

Mambo mapya, yenye ushahidi. Ongeza sentensi kwamba ukiitwa utakwenda, lakini kama ni kweli tu. Usiwaandikie kila wiki, wala usimtume mjomba awapigie simu.

Katika barua hiyo au kando, uliza kama wanafunzi wa nje wanaochukuliwa kutoka kwenye orodha hupata msaada wa karo. Pesa nyingi huwa zimeshagawanywa kufikia wakati huo, na nafasi isiyo na ufadhili haitakufaa ikiwa karo hiyo nyumbani haipo. Afadhali ujue Aprili.

Simu iwe na chaji usiku. Saa tisa alasiri ya New York wakati huo wa mwaka ni saa nne usiku kwetu, na ukiitwa unaweza kupewa siku chache tu za kujibu. Angalia na folda ya barua taka.

Pasipoti je? Omba sasa kupitia eCitizen, uende Nyayo House kwa alama za vidole. Fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, hutolewa na chuo unachokwenda hasa, kwa hiyo ukihama utahitaji mpya kabla ya viza. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, ziweke kando. Na kama una C+ au zaidi kwenye KCSE, jaza vilevile maombi ya KUCCPS, wanaopanga nafasi za vyuo vya hapa Kenya.

Mimi sikuitwa. Barua ya mwisho ilinifikia Juni nikiwa Gigiri, nimetoka tu kwenye mahojiano ya viza, mkononi I-20 ya chuo kile mama alichokilipia kwenye mvua. Nilimpigia yeye kwanza.