Dalali ameshaleta notisi: ni yapi bado yanabishaniwa?

Wengi wanaofika ofisini kwangu hapa Kisumu na notisi ya dalali mkononi (onyo kwamba mali itakamatwa kulipia deni la kesi waliyoshindwa) huanza kunisimulia kesi upya: shahidi alidanganya, hakimu hakuniamini, mzigo haukuwa mwingi hivyo. Hayo siku yake imepita. Mahakama inayotekeleza hukumu huichukua dikrii, yaani hati rasmi ya kile hukumu iliyoamuru, ilivyo, haichimbui ushahidi. Tena kifungu cha 7 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai, Sura ya 21, kinafunga hata hoja uliyopaswa kuitoa kwenye kesi ukanyamaza.

1. Linganisha dikrii na hukumu. Hukumu ikisema 380,000 na dikrii imechapwa 830,000, hilo ni kosa la kalamu. Kifungu cha 99 kinaruhusu lirekebishwe wakati wowote. Piga hesabu ya riba pia, maana huko ndiko takwimu hupenda kunenepa.

2. Panga malalamiko yako kwa tarehe. Tuseme fundi wa Kondele alikopa saruji dukani. Yeye alisema alipokea mifuko 300, mwenye duka akasema 400, hakimu akaamua 400. Akija leo na daftari linaloonyesha 300, ombi lake halifiki mbali. Lakini akisema, "Baada ya hukumu nilimtumia elfu tisini," hilo ni jambo jipya linalohusu kulipwa kwa deni. Kifungu cha 34 kinataka lisikilizwe na mahakama hiyohiyo inayotekeleza, kwenye faili ileile. Usifungue kesi nyingine.

3. Malipo yaandikishwe mahakamani. Hapa ndipo watu huumia. Umemlipa mdai, yaani aliyekushinda kesini, mkononi au kwa M-Pesa, mmesalimiana vizuri, kisha miezi baadaye dalali anakuja kudai deni zima. Amri ya 22, kanuni ya 2, ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai inasema malipo ya nje ya mahakama yasiyothibitishwa au kurekodiwa hayatambuliwi na mahakama inayotekeleza. Mdai ndiye anayepaswa kuijulisha mahakama. Asipofanya hivyo, wewe mwenyewe omba aitwe aeleze kwa nini malipo yasirekodiwe. Ambatisha taarifa ya M-Pesa kwenye hati ya kiapo, na uonyeshe kwamba namba iliyopokea ni ya mdai, si ya shemeji yake.

4. Kagua orodha ya mali. Kifungu cha 44 kinakinga vyombo vya kupikia, matandiko, vifaa vya lazima vya kazi yako na theluthi mbili za mshahara. Kama dalali ameorodhesha posho mili (mashine ya kusaga unga) ya mke wako, mwenye kupinga ni mke mwenyewe, chini ya kanuni ya 51 ya Amri ya 22, na risiti yenye jina lake. "Ni yake" peke yake haitoshi.

5. Kama shida yako ni uamuzi wenyewe, pita mlango wake. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 30. Mapitio, yaani kuiomba mahakama hiyohiyo iangalie upya uamuzi wake, yako Amri ya 45. Kama hukupata samansi kabisa na hukumu ikatolewa bila wewe, omba itanguliwe chini ya Amri ya 10, kanuni ya 11. Kumbuka rufaa haimsimamishi dalali: omba zuio la utekelezaji chini ya Amri ya 42, kanuni ya 6, bila kuchelewa, uonyeshe hasara kubwa utakayopata, na uwe tayari kuweka dhamana.

Kuna hali moja ambapo dikrii yenyewe hupingwa hata wakati huu: ikiwa ni batili tangu mwanzo, kwa mfano mahakama haikuwa na mamlaka juu ya jambo hilo, au mshtakiwa alikuwa ameshafariki kesi ilipofunguliwa. Hakimu kukosea hakuifanyi hukumu kuwa batili.

6. Angalia umri wa dikrii. Ikipita mwaka mmoja, kanuni ya 18 ya Amri ya 22 inataka kwanza uitwe ueleze kwa nini isitekelezwe. Ikipita miaka 12, muda wake umekwisha. Haya yote yafanye ndani ya siku 7 ambazo notisi ya dalali hukupa, kabla lori halijaegeshwa mlangoni.